Frantz Fanon: daktari aliyewatafutia wagonjwa wa akili njia ya kurudi nyumbani

Mwezi wa 8 mwaka wa 1960, Congo ilikuwa na miezi miwili tu ya uhuru. Patrice Lumumba aliwaalika wajumbe wa nchi za Afrika wakutane Léopoldville, mji ambao leo ni Kinshasa. Katika ujumbe wa Algeria kulikuwa na mwanaume mweusi wa miaka 35, ambaye hakuzaliwa Algeria wala fasi yoyote ya Afrika. Watu walimjua kama mwanasiasa na mwandishi. Lakini kazi aliyosomea ilikuwa nyingine. Frantz Fanon alikuwa munganga wa magonjwa ya akili, na kwa karibu miaka 7 alikuwa ameishi kati ya wagonjwa ambao wengi walikuwa wamekwisha kuwakatia tamaa.

Wanafunzi wengi wa Butembo na Beni wanajua jina lake juu ya vitabu vyake kuhusu ukoloni. Upande wa hospitali hausemwi sana, na huo njo unaogusa familia nyingi za kwetu. Tangu mauaji yaanze upande wa Beni mwezi wa 10 mwaka wa 2014, kisha Ebola kutoka mwaka wa 2018 mpaka 2020, kuna watu waliopoteza usingizi, wengine wakaanza kusema peke yao, wengine wakakimbia nyumba na kulala sokoni. Jamaa moja inampeleka mtu wao kwenye chumba cha maombi. Nyingine inamwendea mganga wa kienyeji juu ya kutafuta nani amemloga. Nyingine inamfunga kamba nyumbani kusudi asitoroke usiku. Hospitali inakuja mwisho, wakati mbuzi na kiwanja vimekwisha kuuzwa.

Umbali na pesa ni sababu kubwa. Lakini iko sababu nyingine, nayo ni woga. Watu wanaamini kwamba anayelazwa kwenye hospitali ya wagonjwa wa akili hatoki tena, ao akitoka si mtu tena. Woga huo haukuanguka kutoka mbinguni. Kwa miaka mingi, katika nchi nyingi, ilikuwa kweli hivyo. Na Fanon alipoingia kazini aliikuta hivyo.

Alizaliwa tarehe 20 mwezi wa 7 mwaka wa 1925 Fort-de-France, katika kisiwa cha Martinique, koloni la Ufaransa upande wa Amerika, ambapo wakaaji wengi ni wajukuu wa watumwa waliotolewa Afrika. Baba yake alifanya kazi ya forodha, mama yake alikuwa na duka. Walikuwa watoto 8 nyumbani. Hawakuwa maskini. Frantz alisoma kwenye lycée nzuri ya mji, ambapo Aimé Césaire, mshairi mkubwa, alikuwa mwalimu.

Akiwa kijana wa miaka 17 alitoroka nyumbani kwenda kujiunga na jeshi la de Gaulle dhidi ya Wajerumani. Alipitia Morocco na Algeria, akavuka mpaka Ufaransa, akaumizwa na vipande vya bomu mwishoni mwa mwaka wa 1944, akapewa medali. Vita ile ilimfundisha jambo ambalo hakulitarajia: alikwenda kupigania uhuru wa Ufaransa, lakini ndani ya jeshi lenyewe askari weusi, Waarabu na Wazungu hawakuhesabiwa sawa.

Baada ya vita alisoma udaktari Lyon. Huko aliwaona wafanyakazi Waarabu kutoka Afrika ya Kaskazini wakija hospitalini na maumivu mwilini mzima. Madaktari waliwapima, hawakuona kidonda, wakasema watu hawa ni waongo na wavivu. Mwaka wa 1952 Fanon aliandika makala juu ya jambo hilo. Kwake, yule mtu hakudanganya. Alikuwa mbali na mama yake, mbali na mke wake, anaishi katika chumba kibaya kwenye nchi isiyomtaka, na mwili wake ulikuwa unalia kwa njia uliyoiweza. Mwaka uleule kilitoka kitabu chake cha kwanza, kile cha ngozi nyeusi na barakoa nyeupe. Mwaka ule pia alioa Josie Dublé, msichana Mfaransa.

Shule yake ya kweli ilikuwa kijiji cha Saint-Alban, katika milima ya kusini ya Ufaransa. Mkubwa wa kazi pale alikuwa François Tosquelles, mkimbizi kutoka Hispania. Inafaa kukumbuka nini kilikuwa kimetokea katika hospitali za akili za Ufaransa wakati wa vita: wagonjwa zaidi ya 40 000 walikufa, wengi kwa njaa, kwa sababu walifungiwa ndani na chakula cha kupimiwa na hakuna aliyewafikiria. Saint-Alban haikupata balaa hiyo kwa kiasi kile. Wauguzi na wagonjwa walitoka nje, wakalima kwa wakulima, wakabadilisha kazi kwa viazi na siagi. Tosquelles alipata somo humo: hospitali yenyewe inaweza kuwa mgonjwa, na kama haijatibiwa yenyewe haiwezi kumponya mtu. Kwa hiyo pale Saint-Alban wagonjwa na wauguzi walikaa pamoja katika mikutano, walipanga sherehe, waliandika gazeti lao, walifanya kazi za mikono. Dawa na mashine za umeme zilitumiwa pia. Lakini mgonjwa hakuachwa akae kitandani akiangalia ukuta kutoka asubuhi mpaka jioni.

Tarehe 23 mwezi wa 11 mwaka wa 1953, Fanon alianza kazi katika hospitali ya Blida-Joinville, karibu na Alger, mji mkuu wa Algeria. Algeria ilikuwa bado koloni. Wagonjwa walikuwa wengi kuliko vitanda, na walitengwa kwa asili: Wazungu huku, Waislamu kule. Alipewa wanawake Wazungu 165 na wanaume Waislamu 220. Inasimuliwa kwamba siku za kwanza alizunguka vyumba akiagiza wagonjwa wafunguliwe minyororo na mashati ya kufungia mikono. Wauguzi wengine walimwona kuwa yeye njo mwenye wazimu. Fanon hakuwa mtu mpole kazini. Alikuwa mkali, alitaka kila kitu kifanyike leo, na aliyelegea alisikia maneno.

Alianza na mambo aliyoyaona Saint-Alban. Kwa wanawake yalifaulu haraka. Walifanya mikutano, walitayarisha sikukuu ya Noeli, walishona nguo zao wenyewe, waliona filamu na kuzungumza juu yake, gazeti la hospitali likaanza kutoka. Baada ya wiki chache sauti za vilio zilipungua, na wauguzi wenyewe walikubali kwamba mambo yamebadilika.

Kwa wanaume Waislamu alifanya yaleyale kwa miezi mitatu. Akashindwa kabisa.

Mikutano ilikuwa kimya. Wagonjwa waliitwa wasuke vikapu, wakakaa bila kugusa kitu. Gazeti halikusomwa. Michezo haikumchekesha mtu. Wauguzi walichoka, wakaanza kusema kile ambacho madaktari Wazungu wa Alger walikuwa wakisema tangu zamani, kwamba Mwarabu ndivyo alivyo. Wakati ule mwalimu mkubwa wa madaktari wa akili wa Alger, Antoine Porot, alifundisha kwamba mwenyeji wa Afrika ya Kaskazini ana ubongo wa chini kwa maumbile. Hata upande wetu wa Afrika mafundisho hayo yalikuwepo. Daktari Carothers, aliyeongoza hospitali ya Mathari huko Nairobi, aliandika mwaka wa 1953, kwa ajili ya shirika la afya duniani OMS, kwamba akili ya Mwafrika inafanana na ya Mzungu aliyekatwa sehemu ya ubongo. Kwa mafundisho kama hayo, mgonjwa asipopona, kosa ni lake na la kabila lake. Hospitali haina hatia.

Fanon alikataa jibu hilo. Pamoja na Jacques Azoulay, daktari kijana aliyekuwa akimalizia masomo yake pale, alirudi kujiuliza kosa lilikuwa wapi, na waliandika wazi katika makala ya mwaka wa 1954 kwamba kosa lilikuwa lao. Walileta maisha ya Ulaya na kuwavisha watu wasioishi hivyo. Mtu alikuwa mkulima: kusuka vikapu kwake ni kazi ya wanawake. Hakujua kusoma: gazeti ni la nini? Daktari hakujua lugha yake, alisema naye kupitia mkalimani, na mtu yule mahali pengine alipokutana na mkalimani ni tribinali na polisi. Anaulizwa juu ya mke wake na ndoto zake kama vile yuko mbele ya jaji. Atafungua moyo namna gani?

Basi walibadilisha. Walifungua mkahawa wa Kiarabu ndani ya hospitali, ambamo wanaume walikaa, wakanywa kahawa na chai, wakacheza karata. Kwa Mnande ni kama kuwajengea wagonjwa kyaghanda, fasi ambapo wanaume wanakaa na kuzungumza bila kuitwa mkutano. Walimwalika msimulizi wa hadithi. Waliheshimu sikukuu za Kiislamu, na kiongozi wa dini akawa anakuja kuswalisha. Walipewa majembe na mashamba ya kulima badala ya vikapu. Uwanja wa mpira ulitengenezwa, na wagonjwa wenyewe walishika kazi. Wale waliosemwa kuwa ni mawe walianza kusema.

Fanon hakuishia ndani ya ukuta. Alikwenda vijijini, mpaka milima ya Kabylia, kuangalia waganga na masheikh wanafanya nini na mgonjwa wa akili. Yeye mwenyewe hakuamini majini. Lakini aliona jambo ambalo hospitali ilikosa. Katika vijiji vile, mtu akichanganyikiwa, watu walisema ni jini limemwingia. Kwa hiyo matusi yake na fujo zake hazikuhesabiwa kuwa zake. Mama alitukanwa na mwanawe bila kumchukia. Na jini likitoka, mtu alirudi kwenye nafasi yake bila aibu. Katika hospitali, kinyume chake, muuguzi aliyetukanwa alikasirika, akamwadhibu mgonjwa kwa kumnyima tumbaku ao kumfungia.

Kwetu jambo hili lina pande mbili. Kumwita mtu mwenye pepo kunaweza kumlinda na aibu, ni kweli. Lakini kunaweza pia kumweka miezi sita katika chumba cha maombi bila chakula cha kutosha, amefungwa mguu kwenye nguzo, wakati ugonjwa wake una dawa. Fanon aliheshimu watu wa vijijini, na bado alitoa dawa. Miaka ile njo dawa za kwanza za kweli za ugonjwa wa akili zilikuwa zinaingia. Largactil, ambayo wauguzi wa Butembo na Beni wanaijua vizuri, ilianza kutumiwa Ufaransa mwaka wa 1952, mwaka mmoja tu kabla ya Fanon kufika Blida.

Halafu vita ikaja. Usiku wa kuingia tarehe 1 mwezi wa 11 mwaka wa 1954, wapiganaji wa FLN walianza kushambulia. Kutoka siku zile, hospitali ya Blida ilianza kupokea aina nyingine ya wagonjwa. Fanon aliwatibu watu walioteswa na polisi. Aliwatibu pia polisi waliotesa. Katika kitabu chake cha mwisho alieleza mambo ya wagonjwa hao mmoja kwa mmoja, na sehemu ile inasomwa leo Beni kama vile iliandikwa jana: mwanaume aliyeokoka mauaji ya kijiji chake na kila usiku anataka kuua, mtu anayesikia sauti, watoto wasiolala.

Siku moja, polisi aliyekuwa akitibiwa naye alitoka kutembea katika kiwanja cha hospitali. Fanon alimkuta ameegemea mti, anatoka jasho, anatetemeka. Alikuwa amekutana uso kwa uso na mtu aliyemtesa, ambaye naye alikuwa amelazwa palepale. Walipomtafuta yule Mwarabu hawakumwona. Walimkuta chooni, anajaribu kujiua, akiamini kwamba polisi wamemfuata hospitalini kumrudisha kule. Wauguzi walichukua muda mrefu kumtuliza, wakimwambia kwamba amejidanganya, kwamba polisi hawawezi kuingia mle. Ilikuwa uongo, lakini hawakuwa na kingine cha kumpa.

Mtu aliyekimbia kijiji chake upande wa Oicha ao Eringeti anaelewa bila maelezo. Kitanda cha hospitali kina maana kama mgonjwa anaamini kwamba pale hakuna atakayemfikia.

Mwishoni mwa mwaka wa 1956 Fanon aliandika barua ya kuacha kazi. Aliona kwamba haiwezekani kumrudishia mtu akili asubuhi, na mchana kumrudisha katika utawala unaomvunja. Tena alikuwa amekwisha kuwasaidia wapiganaji kwa siri, akiwatibu majeruhi na kuwapa dawa. Mwezi wa 1 mwaka wa 1957 serikali ilimfukuza Algeria. Kuna wanaosema aliwaacha wagonjwa wake. Neno hilo si la kutupa, kwa sababu yule asiye na mahali pa kwenda ni mgonjwa, si daktari. Lakini kama angebaki, pengine angefungwa ao kuuawa.

Alikwenda Tunis, katika nchi jirani iliyokuwa imepata uhuru. Na huko, katikati ya kazi za siasa na za gazeti la FLN, alifanya kitu ambacho katika historia ya hospitali kina uzito kuliko hata Blida. Katika hospitali ya Charles-Nicolle, hospitali ya kawaida ya mjini ambamo watu walitibiwa magonjwa ya mwili, alifungua mwaka wa 1958 kituo cha wagonjwa wa akili cha mchana. Mgonjwa alifika asubuhi. Alipimwa, alipata dawa, alikula, alizungumza na wauguzi na wenzake, alifanya kazi. Jioni alirudi kulala kwake. Katika miaka miwili walipitia pale wagonjwa zaidi ya 1 000.

Kwa nini alifanya hivyo, yeye aliyefanya kazi ngumu kuipendezesha Blida? Kwa sababu alikuwa ameanza kutosheka kidogo na kazi yake mwenyewe. Mkahawa na uwanja wa mpira ndani ya ukuta ni vizuri, lakini ni maisha ya kuigiza. Mgonjwa anajifunza kuishi hospitalini. Siku anaporudi nyumbani, mke amezoea bila yeye, kazi imechukuliwa, majirani wanamwogopa. Mgonjwa wa mchana anaendelea kugombana na jirani yake, kubeba mtoto wake, kwenda sokoni. Daktari anamtibu akiwa na mambo yake yote mkononi. Fanon na mwenzake Charles Geronimi waliandika juu ya kazi hii mwaka wa 1959, nao hawakuficha mipaka yake: wako wagonjwa wakali sana, ao walio hatarini kujiua, ambao lazima walale hospitalini kwa muda.

Kwa muda: maneno hayo mawili familia nyingi za hapa hazijaambiwa. Kwa kawaida mtu analazwa kwa sababu ni hatari kwake mwenyewe ao kwa wengine, ao amekataa kula na kulala, ao dawa yake inahitaji kuangaliwa kila siku. Akitulia, anarudi nyumbani na dawa zake, na hapo kazi inakuwa ya jamaa, kwa sababu akiacha dawa kwa kujiona amepona, mara nyingi ugonjwa unarudi. Mlango wa kwanza ni kituo cha afya cha karibu, ambapo muuguzi anaweza kumtuma kwa hospitali kuu ya zone de santé, ao kwa kituo cha afya ya akili. Kuna wanaopelekwa mpaka Goma, kwenye Tulizo Letu ya Frères de la Charité, barabara ya Kanyabayonga na Rutshuru ikiwa inapitika, na si kila mara inapitika. Jamaa ina haki ya kuuliza mbele ya kuacha mtu: atafanya nini mchana kutwa? Kuna muuguzi anayesikia kinande? Garde-malade atalala wapi? Atarudi lini?

Mwezi wa 12 mwaka wa 1960, miezi michache baada ya safari ya Léopoldville, Fanon aligunduliwa kuwa na kansa ya damu. Alipelekwa Moscow kutibiwa, akapata nafuu, akarudi Tunis. Mwezi uliofuata Lumumba aliuawa Katanga, mtu waliyekutana naye mara ya kwanza Accra mwaka wa 1958. Fanon aliandika juu ya kifo kile kwa hasira, akiwalaumu pia Waafrika walioamini kwamba Umoja wa Mataifa utamwokoa. Kisha alikaa na kutamka kitabu chake cha mwisho, kile cha walaaniwa wa dunia, kwa wiki kama kumi tu, mwingine akiandika, kwa sababu nguvu zilikuwa zinamwisha.

Mwezi wa 10 mwaka wa 1961 alipelekwa Marekani. Daktari aliyepigania mlango wa hospitali kwa ajili ya wengine alikaa siku zaidi ya saba katika hoteli Washington akingojea kitanda. Alipolazwa Bethesda, hospitali ya serikali karibu na mji ule, alikuwa amechelewa. Aliandikishwa kwa jina la Ibrahim Fanon. Mke wake na mtoto wao wa kiume wa miaka 6, Olivier, walikuwa naye. Alikufa tarehe 6 mwezi wa 12, akiwa na miaka 36. Nakala za kwanza za kitabu chake zilikuwa zimetoka siku chache tu mbele.

Mwili wake ulirudishwa Tunis, na wapiganaji waliuvusha mpaka kwa miguu, wakamzika katika udongo wa Algeria kama alivyoomba, vita ikiwa haijaisha. Uhuru ulikuja miezi saba baadaye. Hospitali ya Blida ilibadilishwa jina, ikaitwa Frantz Fanon, na mpaka leo wagonjwa wa akili wanalazwa mle, na wanatoka.